Mwanaidi Hakuwa Mkaidi

Nasimulia haya kwa ajili ya mama mmoja nisiyemjua. Asubuhi ya leo amempiga mwanawe, kisha amekwenda nyuma ya nyumba kulia, na machozi yalipokauka akarudi jikoni kama hakuna lililotokea. Mimi niliishi hivyo karibu miaka mitatu. Laiti mtu angenieleza mapema haya niliyokuja kuyajua baadaye, mwanangu angeepushwa na mengi.

Jina langu Zuhura. Miaka ile ya hamsini tulikaa Bagamoyo, mimi na mume wangu Athumani, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa siku ya Idi, tukamwita Mwanaidi. Alitembea mapema kuliko wenziwe wote wa mtaani, na tangu siku aliyosimama kwa miguu yake sikumbuki kumwona ametulia.

Sisemi utundu. Watoto wote watundu. Huyu alikuwa akila amesimama, na tonge la pili hulila akiwa uani. Nikimtuma maji, ndoo naikuta njiani peke yake. Nikimwita, mara ya kwanza hasikii, ya pili hasikii, ya tatu nimeshaokota fimbo. Akianza kusimulia jambo, katikati huanza lingine, na lile la kwanza halirudi tena. Alivunja mitungi, akapoteza viatu, akaingia maneno ya wakubwa kabla hawajamaliza kusalimiana. Na usiku akilala, miguu bado inakwenda.

Chuoni kwa Mwalimu Haji, alikosomea Kurani, mambo yalikuwa magumu zaidi. Wenziwe walikaa mkekani na mbao zao tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwanaidi alishindwa kumaliza mstari mmoja. Ajabu yake, sura alizosomewa kwa sauti alizishika. Alizisoma nyumbani akirukaruka uani, bila kukosea. Mwalimu aliposikia hayo ndipo alipokasirika hasa. "Basi anaweza," aliniambia. "Akili anazo. Anakataa tu." Akaongeza bakora, na mimi nikamwambia ahsante.

Alipotimiza miaka saba, wakati wa kiangazi, nilimwachia mdogo wake Rajabu, mtoto wa miezi kumi. Kisima hakikuwa mbali. Nikamwambia, "Kaa hapa. Usimwache mwenzio." Akasema, "Ndiyo mama," na najua alisema kwa moyo wake wote. Niliporudi nilisikia kilio kabla sijafika. Rajabu alikuwa ametambaa hadi mafigani na kuweka kiganja juu ya kaa la moto. Mwanaidi alikuwa nyumba ya tatu anaangalia mbuzi anazaa.

Aliponiona nakimbia naye akakimbia, akamwona mdogo wake, akaanza kujipiga mwenyewe kichwani kwa ngumi. Sikumzuia. Namwomba Mungu anisamehe kwa hilo kuliko kwa fimbo zote.

Athumani aliporudi kutoka kwenye chumvi, alikitazama kiganja kile. Alimfunga Rajabu kitambaa kipya, akakaa barazani hadi magharibi. Kisha akasema, "Kesho kutwa nampeleka Mkange kwa mama. Huyu mtoto si bure."

Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa ameshasema tangu zamani kwamba mjukuu wake ana jini. Mimi nilikuwa nikikataa. Siku ile sikukataa.

Walimkalisha Mkange siku kumi na mbili. Alifukizwa, akanyweshwa makombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akapigiwa ngoma. Na kwa sababu hakukaa pale alipowekwa, alifungwa kamba mguuni, kamba ya katani, kwenye mguu wa kitanda. Nilipokwenda kumchukua nilimkuta amelala kimya, macho wazi. Bi Mwajuma alikuwa amechoka, amekonda pia, maana alikesha naye. Alisema, "Ametoka, mwanangu. Tazama alivyotulia."

Nilifurahi. Nataka niseme kweli: nilifurahi. Nilimbeba mgongoni akiwa mzito na moto, nikamshukuru mkwe wangu njia nzima kwa moyo wangu. Nyumbani nilipomvua nguo nimwogeshe ndipo nilipoona kifundo cha mguu, nyama imechubuka mpaka pametunga usaha. Utulivu ule ulikuwa homa. Homa ilipokwisha siku ya nne, Mwanaidi aliinuka, akaruka kitanda, akakimbilia uani.

Masika yaliingia. Jirani mmoja aliniambia kuna daktari Dar es Salaam anayejua maradhi ya kichwa. Tulipanda lori, mimi na yeye, tukiwa tumekalia magunia, na nilimfunga kwenye kiuno changu kwa khanga ili asiruke. Tulisubiri kwenye benchi tangu alfajiri. Watu mia, mvua inanyesha nje, sakafu imeloa, na mwanangu anapita chini ya miguu ya wagonjwa. Mwanamke mmoja mwenye jipu alimwambia, "Mtoto huyu hana mama?" Nami nimeketi hapo hapo.

Daktari alituona kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Simlaumu sana, kwa umati ule. Alipomwita Mwanaidi, hakuitika. Alikuwa amekazia macho dirishani, kinywa wazi. Daktari akamwita tena. Kimya. Akamwambia mkalimani wake, naye akaniambia: "Ni kifafa. Kile kidogo kisichoangusha." Tukapewa vidonge vyeupe.

Kifafa ni jina zito kwetu. Watu waliacha kuchota maji katika mtungi wetu. Lakini mimi nilikuwa na jina mkononi, nikaona bora hilo kuliko kukosa. Nilimpa vidonge asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja, na siku hadi siku alizidi kuharibika. Yule mtoto wa kucheka akawa wa kulia. Alikuwa akigombana na wenziwe, akiuma, akikimbia kama anayefukuzwa. Kisha katikati ya mbio anasimama, anahema, midomo myeupe. Nilimfumania anakula udongo wa ukutani. Uso ulivimba asubuhi. Mikono ilikuwa baridi hata jua likiwa kali.

Nikasema, sasa namzika.

Ilikuwa kipupwe, asubuhi za ubaridi, nilipompeleka hospitali ya kwetu Bagamoyo kwa sababu ya uvimbe ule tu. Sikutaka tena kusikia habari za kichwa. Pale kulikuwa na mganga msaidizi mgeni, Bwana Salehe, kijana wa Kizigua mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu walimwita daktari, naye kila mara alisahihisha kwamba yeye si daktari. Nilikuwa nimekuja na chupa yangu ya dawa, maana siku hizo dawa ya maji ulitiliwa katika chupa uliyoileta mwenyewe. Mwanaidi aliniponyoka, akaikamata, ikaanguka barazani, ikapasuka vipande. Nikainua mkono.

"Mama," mtu akasema nyuma yangu. "Shikamoo. Usimpige. Nimekuwa nikimtazama tangu mlipofika."

Nilishusha mkono. "Marahaba, baba," nikasema, na mara nikaanza kulia mbele ya watu wote.

Alituingiza ndani. Hakuniuliza mtoto ana ugonjwa gani. Alisema, "Nieleze habari za jana. Toka alipofumbua macho mpaka alipolala." Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilieleza, naye akaandika. Mwanaidi wakati huo alikuwa amesimama katikati ya chumba, kinywa wazi, anatazama mjusi kwenye dari. Bwana Salehe akamwita polepole. Hakuitika.

"Hicho ndicho kifafa," nikasema.

Akainuka, akamgusa bega kwa kidole kimoja. Mwanaidi akageuka papo hapo. "Mjusi yule hana mkia," akasema.

Bwana Salehe alicheka. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwenye kile kifafa ukimgusa harudi mpaka kimwachie chenyewe. Huyu alikuwa na mjusi. Lakini sisemi neno kwa siku moja, mama. Nimewahi kukosea, nimejifunza."

Akaweka saa yake ya mfukoni nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, akamtaka aseme akiisikia. Akampima macho kwa herufi za ukutani. Akambonyeza bandama. Akamfunua kope, akaona weupe wa ndani yake. Akataka choo cha mtoto akipime. Siku ya pili alituambia kuwa tumbo la mtoto limejaa safura, wale minyoo wanaonyonya damu; ndiyo maana ya uvimbe, na baridi, na kula udongo.

Mwisho alipiga magoti mbele ya Mwanaidi, akamuuliza yeye mwenyewe. Nasema tena, yeye mwenyewe.

"Mwanaidi, mama akikutuma maji, inakuwaje?"

Alinitazama kwanza, kama anaomba ruhusa. "Nasikia," akasema. "Nakwenda. Halafu namwona kuku. Halafu kuna mtu anaimba. Halafu maji yanapotea."

"Yanapotea wapi?"

"Humu." Akajigusa paji la uso. "Nikipigwa yanarudi. Lakini yamechelewa."

Tulianza na safura. Alinyweshwa dawa asubuhi bila kula kitu, dawa yenye harufu ya kukata pua, akalala siku nzima kichwa kikimzunguka. Kisha dawa ya maji ya kuongeza damu, iliyofanya meno yake yawe meusi, wenziwe wakamcheka. Vile vidonge vyeupe Bwana Salehe alivipunguza nusu nusu kwa wiki nyingi. "Usivikate ghafla," alinionya, "hata ukimwona mzima." Aliamini kuwa hivyo ndivyo vilivyomzidishia wazimu wa mbio na kilio, kwani watoto wengine huwaendea kinyume.

Vuli ilipofika, Mwanaidi alikuwa na mashavu. Nilikuwa sijui kama mtoto anaweza kurudi hivyo. Alicheka tena. Viganja vikawa vyekundu, na siku moja nilivishika na kuvibusu sokoni bila sababu.

Lakini alipopata damu, alipata na nguvu, na kwa nguvu zile alikuwa hatulii kuliko zamani zote. Alipanda paa. Alisahau mbao yake chuoni, akasahau na njia ya chuoni. Nilirudi hospitali nimevunjika moyo. Nilikuwa nimeamini kuwa safura ndiyo iliyokuwa yote.

"Haijawa kitu," nilimwambia Bwana Salehe. "Tumerudi tulipoanza."

"La, mama. Safura ilikuwepo, tumeitoa. Vidonge vilikuwa vinamharibu, tumeviacha. Masikio mazima, macho mazima. Sasa ndiyo tunamwona Mwanaidi mwenyewe, hana kitu juu yake." Akafikiri. "Niletee baba yake. Na mwalimu wake wa chuoni, akikubali. Mimi naona kipande tu. Nataka nijue akiwa nyumbani yukoje, na akiwa kwa watu yukoje."

Athumani hakutaka. Alisema hospitali ni mambo ya wanawake. Wakati ule tulikuwa tunazungumza kwa maneno ya lazima tu: chakula, nguo, mtoto yuko wapi. Kila mmoja wetu aliamini kimoyomoyo kwamba ubaya ule umetoka upande wa mwenziwe. Bi Mwajuma alikuwa kwetu siku hizo, amekuja kumtazama Rajabu, ambaye kiganja chake kilikuwa kimepona na kubaki na kovu. Ni yeye aliyesema, "Nenda mwanangu. Kama wewe huendi, nakwenda mimi." Basi tukaenda wote, na Mwalimu Haji akatukuta huko na bakora yake mkononi kwa mazoea.

Tulikaa kwenye benchi la barazani, watu wazima wanne, mtoto anazunguka nguzo. Bwana Salehe alituuliza mmoja mmoja. Tangu lini? Nyumbani tu au hata chuoni? Kuna jambo linaloweza kumshika akatulia? Kuna wakati alikuwa vinginevyo, kisha akabadilika? Mwalimu Haji alikiri kuwa mtoto hushika kwa masikio kuliko wote. Mimi nilisema yuko hivi tangu alipoanza kutembea.

"Katika ukoo," Bwana Salehe akauliza, "yuko mwingine aliyekuwa hivi utotoni?"

Nilimtazama Athumani, maana nilikuwa tayari kuulizwa habari za kwetu.

Bi Mwajuma akakohoa. "Huyu," akasema. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Huyu alikuwa hivyo hivyo. Aliunguza kibanda cha mpunga. Alipotea siku mbili porini akifuata nyuki. Nikamfunga, kama mama yangu alivyonifundisha. Akatulia."

Athumani aliangalia chini. Aliposema, sauti yake sikuijua. "Sikutulia, mama. Niliogopa." Kisha akamgeukia Bwana Salehe. "Mpaka leo siwezi kukaa dukani. Nimejaribu ushonaji, nimejaribu useremala. Chumvini nakwenda na kurudi kutwa, pale ndipo naweza. Mke wangu akinituma vitu viwili, nasahau kimoja. Namwambia kilikuwa hakuna."

Miaka tisa nilikuwa nimekaa na mtu yule, nikidhani ananidharau.

Bi Mwajuma alifunika uso kwa ncha ya khanga. Mwanaidi ndiye aliyekwenda kumshika goti, hajui kinacholiliwa.

Bwana Salehe alituambia hana jina la kutupa. Alisema aliyemfundisha kazi alimweleza kuwa hata Ulaya wako watoto wa namna hii, wenye akili timamu ila haziwezi kukaa mahali pamoja, na kwamba waganga bado wanabishana hali hiyo waiite nini. Siku hizi, nimezeeka, nasikia jina lipo, refu, na dawa ipo, na wapimaji wake wapo. Alhamdulillahi. Lakini alichotuambia siku ile kilinitosha: "Si jini. Si kifafa. Si ujinga wala ukaidi, na si malezi yako, mama. Amezaliwa hivi. Hataponywa kwa kupigwa, kama vile kipofu hafunguki macho kwa kupigwa. Lakini anaweza kufundishwa njia."

Na njia zenyewe zilikuwa ndogo mpaka nikaona haya. Nisimwite kwa mbali. Nimwendee, nimguse bega, anitazame kwanza. Nimtume jambo moja. Alirudie kwa kinywa chake kabla hajaondoka. Akilitimiza, nimwambie nimeona. Nisimwachie mtoto mdogo wala moto, si kwa adhabu, bali kwa kuwa mzigo huo bado si wake. Mwalimu Haji alikubali kwa shingo upande asome amesimama, na kila baada ya mistari mitatu atumwe kuchota maji ya kutawadhia. Wenziwe walilalamika kwamba anapendelewa. Mwalimu akawaambia, "Anayetaka kuchota maji ainue mkono," wakanyamaza.

Sitasema kwamba mambo yalinyooka. Masika ya pili yake alinipotezea cheti cha hospitali na khanga mpya kwa siku moja, na nilimpiga. Nilimpiga mara nyingine pia, kabla sijaweza kuacha kabisa. Kulikuwa na wiki nilizotamani jini, maana jini huahidi kutoka. Lakini nyumba ilibadilika. Athumani alianza kumchukua Mwanaidi chumvini siku za mapumziko ya chuo, wakienda na kurudi wote wawili, na jioni walirudi weupe hadi kwenye nyusi, wanacheka jambo ambalo hakuna kati yao aliyeweza kunisimulia mpaka mwisho. Na mimi nikimtuma mume wangu sokoni nilimgusa bega kwanza. Alijua ninafanya nini. Aliacha nimguse.

Alipofika miaka kumi na moja, Mwanaidi alihitimu juzuu yake ya kwanza. Aliisoma amesimama, mguu mmoja unapigapiga chini, na hakukosea. Bi Mwajuma alitoka Mkange na kuku wawili wa kupika pilau, akakaa mstari wa mbele, midomo yake ikimfuatisha mjukuu aya kwa aya.

Siku chache baada ya hapo tulikuwa uani, mimi na yeye, nachambua mchele. Yeye alikuwa amekaa kwa nusu tako, kama alivyokaa siku zote. Kulikuwa na neno nililotaka kumwambia tangu zamani. Kwetu mtoto ndiye anayemwomba mzazi radhi. Sijawahi kusikia kinyume chake. Hata hivyo nilimgusa bega, akanitazama.

"Mwanaidi," nikasema, "nakuomba radhi."

"Radhi ya nini, mama?"

"Ya kukupiga. Miaka ile. Na Mkange."

Alikunja uso kidogo, kama mtu anayetafuta kitu chumbani. "Mimi?" akasema. "Nimeshasahau." Akaninyang'anya ungo, akapeta mara mbili, akaona kitu barabarani, akaruka, akaenda zake.

Nilibaki na mchele umemwagika mapajani, nacheka huku machozi yananitoka. Mpaka leo sijui kama kweli alikuwa amesahau, au alikuwa amenisamehe kwa namna aliyoijua yeye. Sasa ni mkunga, ana wajukuu, na bado hupoteza funguo. Sijamuuliza tena.